Masahihisho ya Ukurasa wa Kumi na Tisa

...ukurasa wa kumi na tisa, anasema Mwenyekiti, kuna masahihisho ukurasa wa kumi na tisa, ndugu zangu, na ananitazama mimi, kwa nini anitazame mimi, ah, kwa sababu ni mimi siku zote, miaka arobaini na ushei ni mimi ninayeinua mkono na kusema weka mkato hapo, Mwenyekiti, anza na herufi kubwa hapo, mimi mpiga chapa wa chama, jicho la chama walikuwa wakiniita, na leo jicho lenyewe limeota mtoto wa jicho, karatasi nimeisogeza mpaka puani na mistari bado inapanda na kushuka, ila ule mstari wa saba nauona, ule hata nikifumba macho nauona, Mkutano Mkuu wa Tatu uliamua kwa kauli moja kwamba ardhi na viwanda vya jimbo ni mali ya wazawa wa jimbo, na wanachama wachache wa kuja wakajiondoa kwa hiari yao... kwa hiari yao, ee Mwalimu, umeandika vizuri, umefundisha insha miaka thelathini na tano na hii ndiyo insha yako ya mwisho, kurasa arobaini na mbili, historia ya Chama cha Kikomunisti cha Jimbo tangu siku ya kwanza, tukiipitisha leo kesho inakwenda kuchapishwa, na ikishachapishwa basi, nani tena wa kuuliza, wa kuuliza ni sisi na sisi wenyewe tunakwisha, tuko wanane chumbani, juu ya duka la matairi, wakigonga ringi huko chini vikombe vinaitikia mezani, na katiba yetu inasema akidi ya Kamati Kuu ni wajumbe kumi na watano, kwa hiyo mwaka wa tisa huu tunakaa hapa kinyume cha katiba yetu wenyewe, nani wa kutushtaki, Jumuiya ya Vijana labda, lakini Jumuiya ya Vijana ni huyu hapa kushoto kwangu, Kijana tunamwita, ana miaka hamsini na minane na magoti mabovu, mwenyekiti wa vijana, katibu wa vijana, na vijana wenyewe, yeye, naye anasema tusonge mbele Mwenyekiti, jamani, ngazi zile nitazishukaje giza likiingia, na Muuguzi anakoroga chai na kusema mwacheni asome, hamwoni macho yake, mama yule ana huruma, alistaafu wodi ya wazazi na bado anatutazama wote kama tumezaliwa jana, na mimi nasoma, naam, nasoma, ninachosoma ni uso wa mpwa wangu, binti wa dada, tena siuoni uso, naisikia sauti tu, alipiga simu, Alhamisi, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, mama anakusalimu, naye hajambo, hajambo ila miguu, anasema amesikia mnaandika historia ya chama, nani amemwambia, si wewe mwenyewe, mjomba, ulimwambia msibani, kweli, nilimwambia msibani, ulimi huu, mtu anamzika mume wake na mimi nampa habari za kitabu, sasa mama anasema hataki kitu kingine kwako, anataka mstari mmoja tu, mstari wa nini, kwamba baba alikuwepo... na nikasikia kwa mbali dada akikohoa, alikuwa amekaa hapo hapo pembeni ya binti yake, anasikiliza, hakutaka kushika simu, miaka yote hii hajataka kushika simu yangu, nikasema nitalisemea, mwambie mama yako nitalisemea, na hili ndilo lenyewe, ukurasa ndio huu, muda ndio huu, na nimekaa kama gunia.

Alikuwepo, jamani, alikuwepo kuliko wengi waliomo humu, ukurasa wa tatu Mwalimu ameandika waasisi kumi na mmoja wa karakana ya reli, sawa, ukurasa wa saba tulivyojitenga na chama cha taifa kwa sababu makao makuu yalikuwa yakitutumia maazimio ambayo hata aliyeyaandika hakuyaelewa, sawa kabisa, wao wakatuita wakabila, wakabila wakatuita wakomunisti, na polisi, ambao hawana muda wa nadharia, wakatuita njooni hapa, hilo Mwalimu hakuliandika lakini tulikuwa tukilisema na tunacheka, ukurasa wa kumi na mbili mgomo wa kiwanda cha nguo, siku ishirini na saba, uongozi wa chama ulisimama imara, uongozi gani Mwalimu, wewe ulikuwa na homa ya matumbo, Mwenyekiti alikuwa bado dereva wa kreni huko bandari ya mto na hajaandikishwa, aliyesimama imara alikuwa shemeji, fundi wa mitambo ya kufuma, mume wa dada yangu, mtu wa kuja, alikuja na mkoba wa spana kutoka ng'ambo ya mto wakati kiwanda kinafunguliwa na hakuna mtu jimbo zima anayejua mtambo wa kufuma unafungwaje, nami nilikuwa nikimwita shemeji basi chama kizima kikamwita shemeji, hata kwenye kumbukumbu za vikao nimepiga kwa mkono wangu, Ndugu Shemeji alitoa hoja, Ndugu Shemeji aliungwa mkono, tulikuwa tukisoma tunakufa kwa kicheko, yaani ndugu au shemeji, chagua moja, na polisi walipokuwa wakiitafuta mashine yetu ya kurudufu, nyumba kwa nyumba, aliifungua yote vipande vipande akaitundika kiwandani, roli huku, springi kule, mpini kwenye mtambo namba sita, miezi mitatu polisi wanapita mbele yake wanaitafuta na inaning'inia machoni pao, alipokuja kuiunganisha ikabaki springi moja mkononi na mashine ikafanya kazi vizuri kuliko mwanzo, akasema mnaona, hata mashine ilikuwa na mwanachama asiye na kazi... Muuguzi ananisogezea sukari, sitaki sukari mama, asante, Mwalimu amevua miwani anasema kila neno humo nimelihakiki mimi, ndugu zangu, mstari huo nimeutoa kwenye azimio lenyewe, nakala ninayo, neno ni wazawa, anadhani nashuku kumbukumbu yake, masikini, anailinda nakala, na nakala ndiyo mimi, mimi ndiye niliyeikata ile stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, Jumamosi mchana, ofisi ya kiwanda nilikokuwa karani, kila mtu amekwenda kula, azimio lililopitishwa kwenye kamati ninalo hapo kushoto kwa mwandiko wa shemeji, maana yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa kamati, ardhi na viwanda vya jimbo ni mali ya wakazi wa jimbo, wakazi, wote wanaokaa na kufanya kazi hapa, tumelijadili neno hilo vikao viwili, nikalipiga, na kesho yake ukumbini marehemu mwenyekiti wetu wa kwanza akaishika karatasi akaanza kusoma, akafika hapo, akasita kidogo, kidogo sana, mimi niliona, kisha akainua sauti, wazawa, ukumbi ukasimama, watu waliruka juu ya mabenchi, Mwenyekiti huyu wa leo alikuwa kule nyuma na ovaroli lake la kreni na alilia, aliniambia mwenyewe, alisema siku ile ndiyo nilijua nina chama, sasa utarudi vipi mbele ya ukumbi unaolia useme samahani, ndugu zangu, hapo pana kosa, maji yakimwagika hayazoleki, na uchaguzi uliofuata tukapata madiwani watatu, hatujawahi kupata watatu kabla wala baada, basi nani angetaka kurudi kwenye wakazi, wakazi haina hata ladha mdomoni, fomu mpya za uanachama zikaja, nikazipiga mimi, na mstari wa nne, baba yako alizaliwa wapi, shemeji akajaza fomu yake kama wengine, baba yako alizaliwa wapi, akaandika, kazini, na ilikuwa kweli, alizaliwa kwenye kambi ya wakata miwa, mama yake alikuwa shambani uchungu ulipomshika, kazini, ikarudishwa, fomu haijakamilika, nikapiga barua mimi, Ndugu, fomu yako haijakamilika, hakuna aliyemfukuza, ni kweli Mwalimu, hakuna hata kikao, ilikuwa fomu tu, kisha watu wakaacha kumsogezea kiti, halafu mtu mmoja akasema kwa utani kwamba shemeji ni shemeji, hajawa ndugu hata siku moja, na sote tukacheka, nami nikacheka, na mwezi wa pili yake wakaondoka, yeye na dada na mtoto, huyo anayenipigia simu leo alikuwa mgongoni.

Dada alikuja kuniaga peke yake, alisimama mlangoni hakukaa, akaniuliza kaka, kwani hilo neno alilipiga nani, nikasema nililipiga mimi, mkono uliteleza, akasema basi na uteleze tena urudi ulikotoka... hakuteleza mtu tena, wiki ile ile waliyoondoka nilichaguliwa katibu mwenezi, na mkono uliteleza nikawa nalo hilo, nimelibeba miaka yote, mwanzoni liliniuma, halafu, niseme kweli nani ananisikia, halafu nikalipenda, nikawa najiambia heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, na mimi si guu si ulimi, nimejikwaa kidole tu, wahenga hawakuniwekea lawama, kuna usiku nilikuwa hata najivunia kidogo, kwamba katika watu wote wa jimbo hili, wasomi na wasema hovyo, aliyebadilisha historia ni karani wa kiwanda kwa bahati mbaya, na historia yenyewe ikaja kutucheka, neno likachukuliwa na chama cha matajiri wenye magari, wao hawakuwa na bendera nyekundu ya kumtisha mtu, wakachukua neno na wapiga kura wetu pamoja nalo, kiwanda kikapewa mzawa, mzawa akakifunga, mitambo ikauzwa kwa chuma chakavu, na sisi hapa juu ya matairi tunahakiki mkato... Ndugu, anasema Mwenyekiti, una sahihisho au huna, kwa upole anasema, ni mtu mpole, mzito kama kreni yake, ninalo, ninalo Mwenyekiti, nimelipanga tangu Alhamisi, nimelisema bafuni, nimelisema nikifunga viatu, hivi, ndugu zangu, mstari wa saba, neno wazawa ni kosa la chapa, kamati iliandika wakazi, mkono wangu uliteleza, naomba iandikwe hivyo, na iandikwe kwamba fundi wa mitambo, na hapo nitataja jina lake lote, aliondoka kwa sababu ya kosa hilo wala si kwa hiari yake, ni sentensi tatu, mtu mzima anashindwaje na sentensi tatu, inua mkono, mkono huu... umekaa juu ya goti na unapiga chapa, tazama, vidole vya wazee havistaafu, vinapiga juu ya suruali, w kwa kushoto, a kushoto, k kulia, a kushoto, z kushoto, i kulia, wakazi, neno zuri, mikono inapokezana, na hilo jingine, w kushoto, a kushoto, z kushoto, a, w, a... ngoja, w, a, z, a, w, a, kushoto, kushoto, kushoto, neno zima la mkono mmoja, wa kulia umelala, wa kulia haukuguswa, ulikuwa wapi, mkono uliteleza nilimwambia dada, mkono upi, herufi moja huteleza, mbili nimeziona zikiteleza, wasichana niliowafundisha ofisini waliteleza mbili, lakini tatu, k ikawa z, na z ikawa w, na i ikawa a, zote tatu ziteleze na kila moja iangukie pake na litoke neno lenye maana, neno ambalo barazani kila mtu alikuwa akilinong'ona mwaka ule na kwenye kamati hakuna aliyethubutu... hapana, subiri, labda macho, labda niliruka, nilikuwa na njaa, watu wamekwenda kula na mimi... kwa nini sikwenda kula, nilikuwa nakula kila siku, kwa sababu ya dada, dada alikuwa amepita asubuhi, amevaa lile gauni la kijani, anang'aa, kaka una habari, kamati inataka kumweka shemeji yako katibu mwenezi, kesho wanamtangaza, usije ukamwonea wivu tu, akacheka, nami nikacheka nikasema wivu wa nini, mtu ameoa kwangu, cheo chake changu, na alipotoka sikusikia njaa tena, nikaingiza stensili kwenye taipureta na kukaa... na dawa ilikuwepo, ile dawa nyekundu ya kufutia, ilinuka kama rangi ya kucha, kichupa kilikuwa mkono wa kulia na kilikuwa wazi, najua kilikuwa wazi kwa sababu niliitumia, kwenye stensili ile ile, mstari mmoja chini, kwenye sentensi iliyofuata, niliandika vinwada badala ya viwanda, nikapaka, nikasubiri ikauke, ukiwa na haraka unainama unapuliza, nikainama nikapuliza, vinwada chini ya pua yangu, na juu yake, upana wa kidole juu yake, macho yangu mazima ya miaka thelathini, hayana mtoto wa jicho, wazawa... nilikuwa nalitazama, nilikuwa nalitazama muda wote nikipuliza, dakika nzima dawa inakauka, burashi mkononi, tone lililobaki juu ya burashi lingetosha, nikafunga kichupa.

Ee dada yangu, ulijua, uliposimama pale mlangoni ulijua, hukuuliza upate jibu, ulinipa nafasi, nami nikakupa mkono, nikamsingizia mkono, na mkono wenyewe maskini umebeba hatia isiyo yake, na nimechoka, Mungu wangu nimechoka, nilidhani nimechokeshwa na chama, ngazi, vikao, bendera inayochujuka kila Muuguzi akiifua, kumbe ni hili, ni kazi ya kulishikilia hili lisifunguke, nilimwonea wivu, ndiyo, neno ndilo hilo na ni jepesi kutamka kuliko nilivyodhani, nilimwonea wivu mume wa dada yangu kwa spana zake na kicheko chake na jinsi watu walivyogeuza viti akianza kusema, na sikuthubutu kumgusa basi nikaligusa neno lililomshikilia, nikijua litaangukia wapi, sikujua litakwenda mbali hivyo, hilo naapa sikujua, madiwani, kiwanda, wenye magari, hayo sikuyajua, lakini yeye nilimjua, yeye nilimlenga, na kesho yake hakuna aliyemtangaza... na Mwenyekiti bado ananitazama, kalamu iko juu, jedwali lake la masahihisho analo mbele, safu ya ukurasa, safu ya mstari, safu ya kosa, safu ya usahihi, na Kijana anasema jamani, na huko chini ringi inagongwa, chai yangu bado ina moshi, kumbe ni dakika chache tu zimepita, na nikisema kosa la chapa watacheka, Kijana ataweka mkono kinywani acheke mpaka machozi, Muuguzi atasema masikini umelibeba hilo peke yako siku zote hizi, Mwalimu ataguna kisha ataliweka chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, na shemeji atapata mstari wake, aliondolewa na taipureta, mpwa wangu atamsomea mama yake na dada atasikiliza mpaka mwisho, nitakuwa nimemzika mume wake mara ya pili kwa uongo ule ule, hapana, si hivyo, basi ni hili jingine, na hili jingine halina safu, kwa nani ningeliwekea safu, kwa huyu aliyelia kwenye ovaroli na kujua ana chama, nitamwambiaje kwamba ulililia wivu wa karani mmoja asiyekwenda kula, na mkono, wa kulia huu, ule uliokuwa umelala, unajiinua wenyewe kutoka gotini au ni mimi ninayeuinua, sijui, ni mzito, na midomo inatafuta pa kuanzia na hakuna pengine ila hapa, ndugu zangu, naomba iandikwe, kamati iliandika wakazi na mimi nikapiga wazawa, walioniita jicho la chama na wasikie, sikukosea, kwenye stensili ile neno hilo sikukosea hata herufi moja.